Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kuchagua mfumo wa kanuni kwa mchezo wa opera ya anga

Ukurasa huu unajibu maswali ya watu wanaotaka kukaa mezani, wawe watatu au sita, na kusimulia kwa pamoja visa vya mabaharia wa angani, huku mmoja wao akiwa mwongozaji wa mchezo na dadu zikiamua mambo ambayo hakuna awezaye kuyaamua peke yake. Mifumo ya kanuni kwa michezo ya namna hii ni mingi, na mtu anayeanza huambiwa achukue huu au ule bila kuelezwa sababu. Majibu yaliyo hapa yametokana na kuongoza meza kwa mifumo kadhaa, na pale ninapoupenda mmoja kuliko mwingine nimesema wazi.

Opera ya anga ni hadithi za namna gani?

Ni hadithi za vyombo vinavyosafiri baina ya nyota kama majahazi yasafirivyo baina ya bandari. Ndani yake kuna milki kubwa, wafanyabiashara, maharamia, waasi, mahujaji na wapenzi, na sayansi huwekwa ili iibebe hadithi, si ili iifunge. Jina lilibuniwa mwaka 1941 na Mmarekani Wilson Tucker, aliyelitumia kuzibeza hadithi za anga zilizoandikwa kivivu, lakini kadiri miaka ilivyokwenda kebehi hiyo ilififia na wapenzi wa hadithi hizo wakalichukua jina kuwa lao. Kwa mchezaji, tofauti iliyo muhimu ni kwamba katika hadithi ya sayansi kali swali huwa kama oksijeni itatosha, ilhali katika opera ya anga swali huwa ni nani anayetudai, nani anayetuwinda, na ni nani tuliyemficha ngamani.

Kama hadithi hutungwa na mwongozaji pamoja na wachezaji, mfumo wa kanuni unabadilisha nini?

Unabadilisha kile ambacho watu mezani wanakitazama. Kila mfumo una kitu unachokihesabu kwa makini na vitu vingi unavyovipita bila kugusa, na baada ya vikao vitatu au vinne wachezaji huanza kufikiri kwa kipimo hicho hata kama hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mfumo unaohesabu fedha huzaa hadithi za wachuuzi wenye madeni, unaohesabu msongo wa moyo huzaa hadithi za watu wanaokaribia kuvunjika, na unaohesabu ngazi za mhusika huzaa hadithi za kupanda kutoka unyonge hadi ushujaa. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kuuliza ni mfumo upi ulio bora. Naliona la maana zaidi swali la kwamba ninyi, mkiwa mezani, mngependa kuhesabu nini.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitatumia kisa kimoja katika majibu yote. Chombo kidogo cha mizigo chenye mabaharia wanne kimebeba dawa za homa kuelekea sayari iliyozingirwa na manowari za milki. Doria inakiamuru kisimame. Rubani anataka kukimbia, nahodha anataka kuzungumza, na fundi anajua kwamba injini haijakaa sawa tangu bandari iliyopita.

Kwa nini kila mazungumzo kuhusu jambo hili huanza na Traveller?

Kwa sababu ndio mzizi. Traveller ya Marc Miller ilitolewa mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop ya Marekani, ikiwa vitabu vitatu vidogo vyeusi ndani ya kisanduku, na mambo mengi ambayo mifumo ya baadaye huyachukulia kuwa ya kawaida yalianzia au yalienea kupitia humo. Toleo linalochezwa zaidi siku hizi ni la kampuni ya Mongoose ya Uingereza, iliyoanza kulichapisha mwaka 2008 na kutoa toleo lake la pili mwaka 2016.

Kanuni ya msingi ni nyepesi: unarusha dadu mbili za kawaida, unajumlisha stadi yako na nyongeza ya kipaji chako, na ukifikisha 8 umefaulu. Asiye na nyongeza yoyote hufaulu kwa asilimia 42 hivi, na katika toleo la Mongoose asiye na stadi kabisa hupunguziwa 3, kwa hiyo ni lazima dadu zenyewe zitoe 11 au 12, jambo linalotokea mara 3 tu katika 36. Mwenye nyongeza ya jumla ya 2 hufaulu kwa asilimia 72. Humo mtu hujifunza upesi kuheshimu utaalamu wa mwenzake.

Utamu wake mkubwa, hata hivyo, uko katika mambo mawili. La kwanza ni namna mhusika anavyozaliwa. Humchagui akiwa kijana mtupu, bali unayapitisha maisha yake kwa vipindi vya miaka minne minne, jeshini, katika biashara au penginepo, na kila kipindi dadu hueleza kama alipandishwa cheo, aliumia, alipata adui au alifukuzwa. Katika kanuni za mwanzo mhusika aliweza hata kufa kabla mchezo haujaanza. Wachezaji wengi wapya huliona hilo kuwa la ajabu, lakini ukimaliza unakuwa na mtu wa miaka 38 mwenye goti bovu, pensheni ndogo na rafiki mmoja katika forodha, na hakuna aliyelazimika kuyatunga hayo kwa kukuna kichwa.

La pili ni deni. Chukua chombo cha mchuuzi huru cha tani 200, kama kilivyo katika kanuni za awali. Bei yake ni kredi 37,080,000, na mkopo hulipwa kwa sehemu moja ya 240 ya bei kila mwezi kwa miezi 480, yaani kredi 154,500 kwa mwezi kwa miaka 40. Ngama yake inachukua tani 82, na uchukuzi wa kawaida hulipa kredi 1,000 kwa tani. Kila mruko wa kuvuka nyota huchukua takribani wiki moja, na ukiongeza wiki moja ya bandarini unapata safari mbili kwa mwezi, yaani kredi 164,000 ikiwa ngama imejaa mara zote mbili. Baada ya kulipa benki mabaharia wamebakiwa na kredi 9,500 za mafuta, mishahara, chakula na matengenezo, na ngama haijai mara zote mbili. Abiria husaidia kidogo. Ndiyo maana, mwongozaji akiwaletea mtu mwenye kapu la dawa na malipo mara tano ya kawaida, hana haja ya kuwashawishi: hesabu imekwisha kuwashawishi.

Basi doria inapowasimamisha, swali la kwanza mezani huwa ni kiasi gani cha faini kitawafilisi. Fundi hurusha dadu kwa stadi yake ya injini, nahodha kwa ushawishi wake, na matokeo ni ya kufaulu au kushindwa, pamoja na tofauti kati ya jumla na 8 ambayo huonyesha ulifaulu kwa kiasi gani. Wakikamatwa, habari zao hazitawatangulia kwa redio, kwa maana katika ulimwengu wa mchezo huu hakuna ujumbe unaokwenda kwa kasi kuliko chombo chenyewe. Barua husafiri kama zilivyosafiri zamani baina ya Zanzibar na Muscat, kwa kungoja chombo, na mkosaji mwenye injini nzuri anaweza kuitangulia hati ya kukamatwa kwake kwa wiki nzima.

Kasoro ni kwamba meza isiyopenda daftari itachoka. Niliwahi kuongoza kundi ambalo baada ya miezi miwili mchezaji mmoja tu ndiye aliyekuwa akijumlisha, na wenzake walikuwa wakimsubiri amalize. Kama hakuna kati yenu anayefurahia hesabu, msijilazimishe.

Cepheus Engine ni nini, na inatofautianaje na Traveller?

Ni ndugu yake aliye huru. Ilitolewa mwaka 2016 ikiwa imejengwa juu ya kanuni za Traveller zilizofunguliwa kisheria ili watu wengine wazitumie, bila ulimwengu wa milki uliozoeleka katika Traveller. Ukijua mmoja unaujua mwingine kwa sehemu kubwa. Anayetaka kutunga ulimwengu wake na kuuchapisha huichagua hii.

Stars Without Number inafaa meza ya namna gani?

Inafaa meza ambayo wachezaji wake huamua wenyewe pa kwenda, na hasa inamfaa mwongozaji anayefanya kazi mchana kutwa na kubakiwa na saa moja tu ya maandalizi. Iliandikwa na Kevin Crawford wa Sine Nomine Publishing, ikatoka mwaka 2010, na toleo lililorekebishwa likafuata mwaka 2017. Mapigano hutumia dadu ya pande 20 na wahusika wana ngazi na fani, kwa mtindo wa michezo ya kale ya majumba na mazimwi, ilhali stadi hutumia dadu mbili za kawaida kama Traveller.

Sifa yake kuu ni zana za mwongozaji. Sekta nzima huchorwa juu ya gridi ya pembesita, 8 kwa 10, na nyota zake huwa 20 pamoja na kile kitakachotolewa na dadu ya pande 10. Kila sayari yenye watu hupewa lebo mbili, na kila lebo huja na maadui, marafiki, matatizo, vitu vya thamani na mahali pa kwenda. Sayari yetu ya dawa ikipata lebo moja ya ugonjwa na nyingine ya utawala wa kijeshi, nusu ya kisa chetu imejiandika. Zaidi ya hapo kuna zamu ya makundi: baina ya vikao mwongozaji huyachezesha mashirika, dini na serikali za sekta kwa alama za nguvu za kijeshi, ujanja na utajiri, na kila kundi hushambulia, hununua na kujenga. Wachezaji wakirudi bandarini baada ya mwezi hukuta mzingiro umevunjwa na kampuni ambayo hawajapata kuisikia. Sijaona mfumo mwingine unaofanya dunia ionekane inaishi wakati hakuna anayeitazama kwa namna nyepesi hivi.

Kinachohesabiwa hapa, basi, ni mwendo wa dunia yenyewe. Wahusika ni dhaifu mwanzoni; wa ngazi ya kwanza huwa na pointi za uhai zitokanazo na dadu moja ya pande 6, na risasi moja yaweza kumaliza habari yake. Mbele ya doria, wachezaji wenye busara hawafyatui silaha. Hutafuta mlango mwingine, na mfumo huwatuza kwa hilo.

Scum and Villainy hutajwa kuwa ya kisasa zaidi. Ni kweli?

Ni mpya zaidi, na inafikiri kwa njia nyingine kabisa. Iliandikwa na Stras Acimovic na John LeBoeuf-Little, ikachapishwa na kampuni ya Evil Hat mwaka 2018 juu ya msingi wa mchezo wa Blades in the Dark wa John Harper. Unarusha dadu kadhaa za kawaida na kusoma ile kubwa tu. Ikiwa 6 umefaulu, ikiwa 4 au 5 umefaulu lakini kwa gharama, na ikiwa 3 kushuka chini mambo yameharibika. Mwenye dadu mbili hushindwa kwa asilimia 25, hufaulu bila doa kwa asilimia 31 hivi, na asilimia 44 iliyobaki hupata alichotaka pamoja na jambo asilolitaka. Hiyo ndiyo roho ya mfumo huu: matokeo yanayotokea zaidi ni yale yanayoisukuma hadithi mbele huku yakiacha kidonda.

Kabla ya kurusha, mwongozaji husema waziwazi hali ni ya namna gani: imedhibitiwa, ni ya hatari, au ni ya kufa na kupona. Kwa hiyo hakuna anayeshtushwa na adhabu asiyoijua. Mchezaji naye anaweza kujilazimisha kwa kupokea msongo 2 ili aongeze dadu moja, na msongo ukijaa mhusika hupata jeraha la moyo ambalo halifutiki.

Doria ikisimama mbele ya meza hii, nahodha anaweza kusema: «Mkuu wa doria hii ni yule niliyemlipia deni la kamari mwezi uliopita,» kisha analipa msongo, na tukio hilo la nyuma linachezwa kwa dakika mbili na kuwa kweli. Hakuna aliyelipanga kabla. Wachezaji wanaochukia kutumia saa nzima kupanga mpango ambao utavunjika baada ya dakika tano huupenda mfumo huu mara moja, na mimi ni mmojawapo. Lakini anayetaka kujua ngama ina tani ngapi na mafuta yamebaki kiasi gani hatapata jibu, kwa kuwa mfumo hauyahesabu hayo. Katika Traveller ujanja ni wa mchezaji aliyekumbuka kununua vibali bandia. Hapa ujanja ni wa mhusika, na mchezaji huulipia baadaye. Ni ladha mbili tofauti, na nimeona watu wazima wakikasirikiana kwa sababu hakuna aliyewaeleza tofauti hiyo kabla ya kikao cha kwanza.

Kundi pia huchagua chombo kimoja kati ya vitatu mwanzoni, na uchaguzi huo ndio unaoamua kama mtakuwa wasafirishaji wa magendo, wawinda watu au waasi. Jambo hilo dogo huondoa mabishano mengi.

Coriolis inasemekana imejengwa juu ya tamaduni za Mashariki ya Kati. Msomaji wa Kiswahili ataionaje?

Ataona mengi anayoyafahamu. Mchezo huu wa Kiswidi, ambao toleo lake la Kiingereza la Third Horizon lilitolewa na kampuni ya Fria Ligan mwaka 2016, umeacha ile anga ya kifalme ya Ulaya iliyozoeleka na badala yake una masoko, misafara, mahujaji na majini, na baadhi ya majina ya nyota zake yana asili ya Kiarabu. Mtu aliyekulia Mombasa, Pemba au Muscat hahitaji kufafanuliwa kwa nini mfanyabiashara huanza kwa kahawa na kuuliza hali ya nyumbani kabla ya kutaja bei. Ni vema kukumbuka, hata hivyo, kwamba ni picha iliyochorwa na watu wa mbali, na meza yenu ina haki ya kuirekebisha pale inapokosea.

Mfumo wake hurusha dadu nyingi za kawaida na kutafuta 6. Moja yatosha kufaulu, na tatu ni ushindi mkubwa. Mwenye dadu 4 hufaulu kwa asilimia 52 na mwenye dadu 6 kwa asilimia 67 hivi. Akishindwa anaweza kuomba kwa mojawapo ya sura tisa takatifu za ulimwengu huo na kurusha tena dadu zilizokosa, lakini kila ombi humpa mwongozaji pointi moja ya giza, ambayo ataitumia baadaye silaha ikwame au adui aongezewe wenzake. Rubani wetu akiomba ili aiponyoke doria, ataponyoka leo na kulipia kesho, na kila mtu mezani huona rundo la giza likikua. Ni hesabu nzuri sana kwa hofu.

Jambo moja linastahili kusemwa kwa uzito. Kwa baadhi ya wachezaji, Waislamu au Wakristo, kutamka ombi kwa sura zinazoabudiwa, hata kwa kuigiza, si jambo jepesi. Ulizeni kabla ya kuanza. Kanuni haitaki maneno ya ombi yatamkwe. Mchezaji anaweza kusema tu kwamba mhusika wake ameomba, na mkikubaliana mnaweza kuita tendo hilo kukaza moyo bila kubadilisha hesabu yoyote.

Je, Starfinder ni kwa ajili ya watoto?

Hapana. Dhana hiyo hutokana na picha zake za rangi kali na viumbe wa kila umbo. Ni mchezo wa kampuni ya Paizo wa mwaka 2017, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2025, na una fani nyingi na ngazi 1 hadi 20, dadu ya pande 20, uchawi pamoja na bunduki za miale, na vita vinavyochezwa kwa vikete juu ya ramani ya miraba. Unahesabu uwezo: kila ngazi mpya huleta kitu kipya cha kuchagua, na mchezaji anayependa kukaa nyumbani akimpanga mhusika wake atafurahi sana. Kisa cha doria kikichezwa humu, kuna uwezekano mkubwa kitaishia katika mapigano, kwa sababu kurasa nyingi za kanuni zinazungumzia mapigano na wachezaji wanataka kutumia walichonacho. Ni kitabu kinene. Msikichukue kwa vikao viwili.

Na Fate, GURPS na Savage Worlds?

Hizi ni kanuni za jumla ambazo hujengwa juu yake ulimwengu wowote. Fate hutumia dadu nne zenye alama za kujumlisha, kutoa na tupu, na huhesabu maneno: ukiandika kwamba chombo chako ni «Bibi Kizee Asiyekubali Kufa», sentensi hiyo yenyewe huwa na nguvu ya kanuni, kwa faida au kwa hasara. Mchezo wa Diaspora wa mwaka 2009 uliutumia msingi huo kwa hadithi za anga, na bado nauheshimu kwa namna unavyowakalisha wachezaji wote pamoja kuchora nyota zao. GURPS, ya Steve Jackson Games tangu 1986, hutumia dadu tatu na inaweza kueleza karibu kila kifaa kwa namba. Ni ya mwenye subira. Savage Worlds, ya 2003, ina kasi na kelele, na dadu ikitoa namba yake ya juu kabisa unairusha tena na kujumlisha. Inafaa mahali ambapo filamu ya mapambano ingefaa.

Vita vya vyombo angani huchosha meza yetu. Kuna mfumo uliotatua tatizo hilo?

Tatizo lenyewe linafahamika: rubani anacheza, mpiga mizinga anasubiri zamu, na wawili waliobaki wanatazama simu zao. Mifumo mingi hujaribu kumpa kila mtu kiti. Katika Coriolis zamu imegawanywa kwa majukumu matano, la nahodha, fundi, rubani, mtambuzi na mpiga mizinga, yakifuatana, na kila mmoja humwachia mwenzake kitu cha kutumia. Stars Without Number nayo ina idara tano zinazochanga pointi katika mfuko mmoja, na mabaharia hujadiliana wazitumie wapi. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa mjadala wa haraka wa nani apewe pointi unafanana na kelele za kweli za chombo kilicho hatarini. Tena mfumo huruhusu mabaharia kuchagua kupokea janga badala ya pigo, kwa mfano moto katika chumba cha mizigo, na hapo yule asiyekuwa na kazi anapata kazi ya kukimbilia.

Starfinder ya mwanzo iligawa viti pia, lakini ugumu ulipanda haraka mno kadiri chombo kilivyokua, mpaka Paizo ikaurekebisha. Scum and Villainy haina kanuni za pekee za vita vya vyombo: kukimbia doria huchorwa kama duara lenye vipande, na kila kufaulu hujaza vipande kadhaa hadi mmeponyoka. Mkiona hakuna mezani anayefurahia vita vya vyombo, tumieni njia hiyo hata ndani ya mfumo mwingine. Haiharibu kitu.

Tunahitaji kununua nini, na kwa bei gani?

Chini ya mnavyodhani. Toleo la bure la Stars Without Number linatosha kuchezea kwa miaka, na kanuni za msingi za Cepheus Engine na za Fate nazo hupatikana mtandaoni bila malipo. Ukiagiza kitabu cha karatasi kutoka Ulaya au Marekani, mara nyingi usafirishaji na ushuru hugharimu zaidi kuliko kitabu chenyewe, kwa hiyo nakala ya kielektroniki ndiyo njia ya busara.

Kuhusu dadu, Traveller, Scum and Villainy na Coriolis hutumia zile za pande 6, ambazo zimo katika kila kisanduku cha Ludo. Visanduku vitatu vya majirani vitamaliza tatizo. Dadu za Fate mnaweza kuzitengeneza kwa kuhesabu 1 na 2 kuwa kutoa, 3 na 4 kuwa tupu, na 5 na 6 kuwa kujumlisha. Zile za pande 20 na ndugu zake ni adimu madukani kwetu, lakini programu za simu huzirusha vizuri.

Vitabu ni vya Kiingereza. Tunaweza kucheza kwa Kiswahili?

Mnaweza, na opera ya anga inakubali Kiswahili kuliko aina nyingine yoyote ya mchezo ninayoijua, kwa kuwa lugha yetu ina bahari ndani yake. Chombo, nahodha, sarangi, shehena, ngama, omo na tezi zipo tayari. Hata neno rubani lilikuwa la mtu anayekiongoza chombo majini kabla halijapewa ndege. Kilicho kigumu ni maneno ya kanuni, na ushauri wangu ni kutotafsiri orodha nzima kwa siku moja. Tafsirini neno pale linapohitajika mezani, liandikeni kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na likikaa vibaya mdomoni libadilisheni wiki inayofuata. Kundi letu lilijaribu maneno matatu tofauti kwa hali za hatari za Scum and Villainy kabla ya mchezaji mmoja kusema «hii sasa ni kufa na kupona», na hapo ubishi ukaisha.

Kama ni lazima utaje mmoja kwa kundi linaloanza?

Kwa kundi lenye mwongozaji mpya ningetaja Stars Without Number, kwa sababu ya zana zake na kwa sababu haina gharama. Kwa marafiki ambao tayari wanapenda kusimulia na kuigiza, wasiojali hesabu, Scum and Villainy. Traveller ningewapa wale ambao, waliposoma habari ya kredi 9,500 hapo juu, walianza kufikiria namna ya kupunguza gharama ya mafuta. Watu hao wapo, na wataupenda maisha yao yote. Waambieni tu kwamba chombo kinaweza kuchota haidrojeni bure katika sayari kubwa za gesi, zilizo kama Mshtarii yetu, ikiwa hakuna maharamia wanaovizia pale.

Tukianza na mfumo mmoja, tunaweza kuhamia mwingine katikati ya hadithi?

Ndiyo, mradi msijaribu kubadilisha namba kwa namba. Stadi ya 2 ya Traveller haina thamani sawa na dadu 2 za Scum and Villainy, na anayetengeneza jedwali la kulinganisha hupoteza jioni nzima. Fanyeni hivi: kila mchezaji aandike mambo matatu ambayo mhusika wake anayafanya vizuri kuliko wenzake, watu wawili wanaomfahamu, na jambo moja analolikimbia, kisha amtengeneze upya kwa kanuni mpya akifuata karatasi hiyo. Chombo kibaki na jina lake na ubovu wake. Deni nalo lihamishwe, hata kama mfumo mpya hauhesabu fedha. Likiingia katika Scum and Villainy liwe duara la vipande 8 lenye jina la benki, na mwongozaji ajaze kipande kimoja kila mabaharia wanapomaliza kazi bila kulipa.